Maswali yenu: jiwe la vishimo, kisima cha tambiko na hao wanaotaka kulipasua

SWALI: Kamwene mhariri, na shikamoo kama umenizidi umri. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Iringa Vijijini, nimeolewa huku huku. Kwenye shamba la ukoo wa mume wangu, chini ya kilima, kuna jiwe kubwa limelala pembeni ya sehemu ambayo zamani ilikuwa kisima, sasa hivi kiangazi chote pamekauka, masika ndo maji yanachuruzika kidogo. Baba mkwe anasema mvua ikichelewa babu zake walikuwa wanakusanyika pale wanamwaga ugimbi, ile pombe ya kienyeji, na unga wa ulezi, na ilikuwa mwiko kuchota na sufuria yenye masizi au kufulia pale. Juu ya jiwe kuna vishimo vya duara vingi tu. Sasa amekuja mtu kutoka mjini, ana mashine ya kupimia madini, anasema vile vishimo ni alama za Mjerumani na chini yake kuna rupia za dhahabu, anataka tulipasue tugawane nusu kwa nusu. Shemeji zangu washaanza kulainika. Picha nimekutumia. Hilo jiwe ni nini na tufanye nini?

JIBU: Kamwene sana mwalimu. Kabla ya yote naomba uwaambie shemeji zako wasubiri, hata wiki mbili tatu tu, maana jiwe likishapigwa nyundo hakuna fundi wa kulirudisha, na hayo mengine yote nitakayokwambia hapa hayatakuwa na maana tena. Jina la kijiji nimelitoa kwenye barua yako makusudi, sababu nitaieleza huko chini.

Picha zako nimezikuza kwenye kompyuta nikazitazama moja moja. Ile uliyopiga saa za jioni ndo nzuri kuliko zote, jua limekuja kwa ubavu kwa hiyo kila kishimo kina kivuli chake. Vishimo vingi vina upana kama mdomo wa kikombe cha chai, ni vya duara kweli kweli na chini vimelainika. Viwili vimechongwa kwenye ubavu wa jiwe unaoteremka, hapo mtu hawezi kutwanga wala kusaga kitu kikakaa. Alafu kuna mfereji mwembamba umetoka kwenye kishimo cha juu umeshuka mpaka ukingo wa jiwe, upande wa kisima. Na ndani ya vishimo rangi ni ile ile nyeusi nyeusi ya ngozi ya jiwe zima, yale madoa ya kijani na meupe yanayoota kwenye mawe ya zamani yameingia mpaka humo ndani. Granaiti, yaani jiwe gumu kama hilo lenu, ikipasuliwa leo ndani inang'aa na chenga zake zinametameta, wewe mwenyewe umeona pale wanapoponda kokoto barabarani. Ngozi nyeusi kama hiyo haiji kwa mwaka mmoja wala miwili.

Tuende sasa kwenye vinavyoweza kuwa, maana jiwe lenye vishimo sio kitu kimoja. Cha kwanza ni mvua na jua tu. Granaiti yenyewe inajichimba, maji yanatuama sehemu moja miaka na miaka, jiwe linameng'enyuka, linabaki bakuli. Ila mabakuli ya namna hiyo huwa hayalingani, moja kubwa, jingine kama sahani, na mara nyingi chini ni bapa. Ya kwako yamelingana mno. Cha pili ni sehemu ya kusagia, bibi zetu walisaga ulezi na mtama juu ya miamba, na alama ya kusaga ni ndefu kidogo, imelala kama umbo la yai kwa sababu mkono unakwenda mbele unarudi nyuma. Naona kama kuna moja ya hivyo kwenye kona ya chini, muulize baba mkwe. Cha tatu ni bao. Watu wamechonga bao kwenye miamba sehemu nyingi Afrika Mashariki, pale Hyrax Hill karibu na Nakuru nchini Kenya lipo mpaka leo watu wanakwenda kuliangalia, lakini bao lina mistari, mashimo yanakaa safu kwa safu kwa idadi inayolingana, na la kwako halina safu kabisa. Cha nne ni jiwe la kulia, yaani la kugongwa litoe sauti. Serengeti kwenye miamba ya Moru lipo moja maarufu, limejaa vishimo vya kugongwa. Kwa hilo usiende kujaribu na nyundo, wewe uliza tu wazee kama jiwe liliwahi kupigwa likasikika.

Cha tano ndo ninachokiamini zaidi kwa jiwe lenu, vishimo vilivyochongwa kwa makusudi ya ibada au ya kuhesabia jambo ambalo waliokuwepo walilijua. Vilichongwa kwa jiwe gumu kama kwatzi kugongwa juu ya jiwe, taratibu, tak tak tak, unga unatoka kidogo kidogo, na kwenye granaiti kishimo kimoja tu kinakula masaa mengi sana ya mtu. Hiyo kazi hakuna anayeifanya kwa kupoteza muda. Na mfereji ulioelekea kwenye maji mimi siwezi kuutenganisha na habari ya ugimbi aliyokupa baba mkwe, kinachomwagwa juu kinashuka kinafika kisimani. Nikitazama hivi naona jiwe na kisima ni kitu kimoja, na anayetaka kulivunja jiwe anavunja vyote viwili.

Umri wake usikubali akutajie mtu kwa kutazama kwa macho. Mchongo wa kugonga hauna mkaa wala mfupa wa kupima maabara, kwa hiyo atakayesimama pale akasema miaka elfu hivi kamili anakupa maneno matupu.

Sasa huyo wa rupia. Hii habari nimeshaisikia kila wilaya ya nyanda za juu kusini na nimeona makaburi yamefukuliwa kwa ajili yake, kwa hiyo nitaijibu kwa kirefu na naomba uwasomee shemeji zako. Ina punje ya ukweli ndani yake ndo maana haifi. Wajerumani walikuwa na rupia yao hapa, na kweli mwaka 1916, vita imewabana, walifyatua sarafu za dhahabu za rupia 15 pale Tabora, zile zenye picha ya tembo. Zipo, wanaokusanya sarafu za kale wananunuziana kwa hela nyingi. Lakini hebu tufikiri pamoja. Mwaka huo huo wa 1916 Wajerumani waliondoka Iringa wakiwa wanakimbizwa. Jeshi linalokimbia litakaa siku ngapi juu ya jiwe linagonga vishimo kwa kwatzi, na kulainisha, na kuchonga mfereji? Mjerumani alikuwa na tindo na nyundo ya chuma, angetaka alama angepiga msalaba au namba dakika tano akaondoka, na alama ya tindo inaacha kingo kali. Hapo hamna kingo kali hata moja. Tena alama inayoonekana na kila anayechota maji, ni ya kufichia mali kweli?

Na hiyo mashine kulia isiwatishe. Udongo wetu mwekundu umejaa chuma, na kwenye kisima cha zamani kuna misumari, vipande vya jembe, mabati, vizibo, inalia tu. Kulia kwa mashine hakujawahi kuwa ushahidi wa dhahabu. Angalia pia makubaliano yenyewe, nusu kwa nusu ya kitu ambacho hakipo, ila kabla ya hapo kutakuwa na hela ya mafuta, hela ya mganga wa kufungua, hela ya kuku mweupe, hela ya kuwakodi vijana. Watu wameuza ng'ombe kwa michezo hii. Inaniuma sana kwa sababu wanaolizwa ni watu wa hali ya chini.

Kitu kingine, wazuieni mapema wanaopasua mawe ya kokoto. Unajua wanavyofanya, wanachoma matairi juu ya mwamba mpaka unapata moto, alafu wanamwaga maji, ganda lote la juu linabanduka. Kwa jiwe kama lenu hilo ganda la juu ndo kila kitu. Hata moto wa watoto wa kuchomea viazi usiwashwe pale.

Sheria ipo upande wako pia mwalimu, itaje bila woga kwenye kikao cha ukoo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda michoro na michongo ya kwenye miamba iliyofanywa na binadamu kabla ya mwaka 1863, na hata visima vilivyochimbwa kabla ya mwaka huo vimo. Kuharibu ni kosa. Kutoa taarifa peke yake hakuwanyang'anyi shamba, naona hiyo ndo hofu ya shemeji zako japo hukuisema.

Cha kufanya wiki hii. Mwende na baba mkwe kwa mwenyekiti wa kijiji na mtendaji, waambieni wakaandike kwenye kitabu kwamba jiwe lipo na kuna mtu anataka kulipasua. Alafu Afisa Utamaduni wa halmashauri, yeye ndo njia ya kufika Idara ya Mambo ya Kale. Ukiwa mjini pita pia Boma la Iringa, lile jengo la Wajerumani lililofanywa makumbusho mwaka 2016, waonyeshe picha. Piga picha nyingine asubuhi sana au jioni, weka rula pembeni ya kishimo ili ukubwa uonekane, piga na jiwe zima likiwa na kisima kwenye picha moja. Usipake chaki kwenye vishimo ili vionekane, usisugue na brashi ya waya, usimwage mafuta, hayo madoa ya kijani yaache kama yalivyo.

Na baba mkwe mrekodi. Hii naiweka juu kuliko hata picha. Jiwe litakuwepo miaka mingine mia, ila anayejua nani alitangulia kumwaga, wanawake walikaa upande gani, nyimbo gani ziliimbwa, kwa nini masizi yalikuwa mwiko, huyo ni yeye na labda wenzake wawili watatu hapo kijijini. Kaa naye jioni, washa simu, mwache aongee kwa Kihehe asitafute Kiswahili. Wanafunzi wako wa darasa la sita wanaweza kukusaidia kuandika. Isimila hapo kwenye barabara ya Mbeya, ambapo leo wataalamu wa dunia nzima wanapajua kwa zana zake za mawe, mwaka 1951 aliyeziokota korongoni na kuzipeleka kwa wataalamu alikuwa mwanafunzi wa shule tu, na wachimbaji wenye vyeti walikuja mwaka 1957.

SWALI: Habari mhariri. Mimi niko Vwawa, nafanya bodaboda, nawapelekaga watu kwenye kimondo pale Ndolezi. Ile barua ya mwalimu umenionyesha kabla haijatoka nikaona nikuulize. Kimondo mbona kilikatwa kipande na hakuna kilichoharibika, mpaka leo watalii wanakuja? Kwa nini hilo lingine lisikatwe kidogo tuone ndani?

JIBU: Swali zuri kaka, na wewe unayesimama pale mara kwa mara unaijua ile sehemu iliyokatwa kuliko wengi. Kile kipande kilikatwa mwaka 1930, mwaka ule ule kimondo kilipotangazwa kwa watu wa nje, wenyeji wakiwa wanakijua tangu zamani na miiko yao. Mpimaji wa jiolojia alikata kwa msumeno wa chuma, masaa kumi kupata sentimita kumi tu, ndo ujue ni kigumu kiasi gani. Lakini ile ni chuma iliyotoka angani, karibu asilimia 90 chuma na inayobaki nyingi ni nikeli, ukikata kipande cha pembeni kinakwambia habari ya kimondo kizima. Jiwe la mwalimu ndani yake ni granaiti kama ya kilima kizima cha jirani, ukilipasua utaona kile kile unachokiona kwenye lundo la kokoto. Thamani yake yote iko juu, kwenye unene wa kucha ya mkono. Na angalia jambo moja, kimondo kimebaki pale pale kilipoangukia, wakachimba kuzunguka ili kionekane, hawakukihamisha kupeleka Dar es Salaam. Ndo maana wewe una abiria wa kupeleka Ndolezi.

SWALI: Bwana asifiwe. Mimi ni mzee wa kanisa, niko Njombe. Nasoma mnavyohimiza kutunza mawe ya matambiko na nasikia mashaka. Tumehubiriwa tuache mizimu, baba zetu walivunja vibanda vya mizimu walipobatizwa. Huku si kuturudisha kule?

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na nakushukuru kwa kuuliza waziwazi. Hakuna anayemwambia Mkristo akamwage ugimbi. Kutunza jiwe na kuabudu penye jiwe ni mambo mawili, na mwenye kuchagua kusali wapi ni wewe na dhamiri yako.

Ila nikupe mfano wa watu wa Ayalandi, Wakristo wa siku nyingi kuliko sisi. Kule kwao kuna visima vitakatifu kila kona, vingi kila kimoja kina jina la mtakatifu wake, watu wanazunguka wakisali, wengine wanafunga vitambaa kwenye mti wa pembeni. Vingine vimeshafukiwa na mashamba, vimebaki jina. Na pembeni ya visima na makanisa ya zamani mara nyingi unakuta jiwe lenye bakuli limechimbwa juu yake, maji ya mvua yakituama humo watu waliamini yanaondoa chunjua. Kuna mwamba mmoja sehemu inaitwa Boheh, karibu na mji wa Westport, una michongo kama 250, vishimo na duara zinazozunguka vishimo, vilivyochongwa maelfu ya miaka kabla Mtakatifu Patrick hajafika kule kuhubiri Ukristo. Unajua Wakristo walifanyaje? Hawakuupasua. Wakauita Kiti cha Mtakatifu Patrick, na upo kwenye njia ya zamani ya mahujaji kwenda mlima Croagh Patrick, ule ambao Jumapili ya mwisho ya Julai maelfu wanaupanda, wengine pekupeku.

Na kwa sababu waliuacha, mwanzoni mwa miaka ya 1990 bwana mmoja wa huko, Gerry Bracken, akaona kitu. Ukisimama kwenye ule mwamba tarehe 18 Aprili na tarehe 24 Agosti, jua linazama juu kabisa ya kilele cha ule mlima, alafu linaonekana linabingirika kushuka ubavuni mpaka linapotea. Inaonekana wenye kuchonga walijua siku zao. Mwamba ungekuwa umepondwa kokoto, hiyo elimu ya kuhesabu mwaka ingepotea na hakuna ambaye angejua hata kwamba imepotea.

Hapa kwetu Kondoa, michoro ya Kolo iliingizwa kwenye urithi wa dunia mwaka 2006, na kwenye mapango yake wenyeji bado wanakwenda kuombea mvua, huku Wakristo na Waislamu wa kijiji hicho hicho wanawaongoza wageni. Hata hapa Iringa, pale Igeleke kwenye michoro ya rangi nyekundu, wanaopeleka watoto wa shule ni walimu wa dini zote. Mzee wangu, waliochonga yale mawe ni babu zetu, walikuwa wanatafuta mvua kwa ajili ya watoto wao. Mimi nawaheshimu kwa hilo.

SWALI: Mambo mhariri, niko Mbeya mjini, natengeneza video fupi za sehemu za utalii. Hilo jiwe la Iringa naweza kupata lokesheni nikalirushe? Litapata watalii wakina mwalimu wafaidike.

JIBU: Hapana dada, lokesheni sitoi, na ndo sababu ya kuficha kijiji. Video ikisambaa leo, kesho wenye mashine na mitaimbo wanafika kabla ya mtalii yeyote, na usiku. Kama unataka kusaidia, rusha Gangilonga, Isimila, Igeleke, Kalenga, Ndolezi, hizo zina walinzi au angalau watu wa karibu. Na ukipiga sehemu isiyo na mlinzi, zima kwanza GPS ya kamera, picha zinabebaga mahali zilipopigwa bila wewe kujua. Ukoo ukishaamua wenyewe, na Idara ikishafika, hapo utakwenda kwa kukaribishwa.

SWALI: Mhariri, niko Mufindi. Sisi jiwe hatuna ila kisima cha wazee tulikuwa nacho, hakijawahi kukauka tangu niko mdogo, tumepanda mikaratusi kuzunguka kwa ajili ya nguzo, sasa hakuna maji. Kitarudi?

JIBU: Kinaweza, mama, ila itachukua miaka na lazima mkubaliane na mwenye miti. Mikaratusi inakunywa sana, na imekaa sehemu isiyostahili, maana Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kibinadamu za kudumu au zinazoweza kuharibu chanzo cha maji ndani ya mita 60. Miti ya ndani ya hizo mita 60 ivunwe, na visiki visiachwe vichipue, maana mkaratusi ukikatwa unarudi na machipukizi mengi kuliko mwanzo, kila yakitoka yakatwe. Nafasi hiyo pandeni mivengi na mikuyu, ndo miti ambayo wazee waliiacha kwenye visima, na ukichunguza miiko yao, ule wa kutokata mti wa kisimani na wa kutoingiza ng'ombe, ulikuwa unafanya kazi ile ile ya hizo mita 60. Zungushieni matawi ya miiba ng'ombe wasikanyage udongo ukashikana. Msichimbe kisima kwenda chini kwa hasira, mnaweza kukata njia ya maji. Miche inapandwa mvua zikishatulia, Desemba kwenda Januari, kwa hiyo ongeeni na bwana miti wa kata mapema awawekee, mivengi huwa haipatikani kirahisi kwenye vitalu kama misindano. Na huyo mwenye miti msimfuate mkiwa na hasira, mwende na wazee wawili wanaokumbuka maji yalikuwa yanatokea wapi, wakamwonyeshe.